Mkunazi na Ukoo Wake

Nataka katika kipindi hiki kuzungumza juu ya mti ambao wengi wetu tumeujua kwa miiba yake kabla ya kuujua kwa jambo jingine lolote. Mti unaoota viungani, kandokando ya visima, nyuma ya misikiti na ndani ya magofu ya miji ya kale, ambao watoto huupiga mawe wakati wa matunda, na ambao watu wazima huukumbuka aghalabu siku ya msiba, pale mmoja wao anapotumwa mbio akachume majani yake ya kuoshea maiti. Mti huo ni mkunazi. Hauna bei ya mkarafuu wala kivuli cha mwembe; haukupewa shamba lake peke yake kama mnazi; na sijapata kusikia warithi wakifikishana kwa kadhi kwa kugombea mikunazi ya marehemu baba yao. Hata hivyo nadai, na nitajitahidi kuthibitisha dai langu, kwamba hapana mti katika pwani yetu uliotajwa kwa utukufu kuliko huu ukaachwa bila ya matunzo kuliko huu, na kwamba hasara ya kuuacha hivyo ni yetu wenyewe wala si yake.

Mti, kama mtu, hujulikana vyema kwa jamaa zake, basi na tuanze na ukoo. Wanavyuoni wa elimu ya mimea huuweka mkunazi katika ukoo uitwao Rhamnaceae, ambao uliainishwa na Mfaransa Antoine Laurent de Jussieu katika kitabu chake cha mwaka 1789. Ni ukoo wa miti na vichaka, wenye jinsi zisizopungua 50 na aina za mimea zinazokaribia 1,000, nao umeenea karibu katika kila bara lenye joto na hata katika nchi za baridi. Maua yake ni madogo, ya rangi ya kijani iliyoingia umanjano, wala hayana uzuri wa kumsimamisha mpita njia. Lakini anayeyatazama kwa makini ataona ndani yake alama ambayo kwayo ukoo wote hutambulikana. Katika maua ya mimea mingi, nyuzi zibebazo chavua husimama katika nafasi zilizo baina ya petali na petali. Ama katika ukoo huu, kila uzi husimama mbele ya petali yake hasa, na mara nyingi petali hiyo hujikunja ikaustiri. Chini ya nyuzi hizo pana kisahani kitoacho maji matamu, na kisahani hicho ndicho kiitacho nzi, nyigu na nyuki, na ndicho kilichoupatia ukoo huu sifa nitakayoieleza baadaye, sifa ya asali.

Na miiba je? Katika mikunazi, penye mzizi wa kikonyo cha kila jani pana vijani viwili vidogo mno, ambavyo katika mimea mingine hupukutika mapema bila ya faida ionekanayo. Katika jinsi hii vijani hivyo hukakamaa vikageuka miiba, na aghalabu miiba hiyo miwili haifanani: mmoja umenyooka na mwingine umepinda kama ndoana. Kwa sababu hiyo apelekaye mkono wake kwa pupa huchomwa na ule wa kwanza, na anayeurudisha kwa pupa hunaswa na ule wa pili, na hana budi kusimama, kutulia, na kujitoa polepole kwa njia ile ile aliyoingilia. Mti uotao mahali pakavu, ambapo jani moja lina thamani kwa kuwa maji ya kulifanyia ni machache, una haki ya kulilinda jani lake na mdomo wa mbuzi. Lakini tunda haukulikataza. Tunda lina ngozi nyembamba, nyama ya utamu wenye uchachu kidogo, na kokwa ngumu katikati. Na ndege, nyani, ng'ombe na mwanadamu, kila mmoja hula nyama akaitema au akaipitisha kokwa mbali na mama yake, na hivyo mti hupata kusafiri bila ya kwenda. Jani limewekewa walinzi, tunda limewekewa wageni, na yote mawili ni kwa manufaa ya mti.

Jamaa za mkunazi zilizo mbali zina ajabu zake, nami nitazipitia kwa haraka. Kule Uchina na Japani upo mti uitwao kwa Kilatini Hovenia dulcis, ambao watu hawali tunda lake bali kikonyo kinachoshika tunda, maana kikonyo hicho huvimba kikawa kinono na kitamu. Katika pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, magome ya mti mmoja wa ukoo huu, ambao Wahispania waliuita gome takatifu, yalikuwa dawa mashuhuri ya kulainisha tumbo iliyouzwa ulimwenguni kote. Na huko Ulaya kipo kichaka cha ukoo huu ambacho makaa yake yalithaminiwa na watengenezaji wa baruti, kwa kuwa huungua sawasawa. Kwa mifano hiyo twaona kwamba ukoo mmoja waweza kutoa chakula, dawa na vita, na kwamba ni mwanadamu achaguaye lipi alitake.

Karibu na kwetu, ukoo huu umeenea kuliko tunavyodhani. Wahabeshi hutengeneza tej, pombe yao ya asali, na tella, pombe yao ya nafaka, kwa kutia ndani yake majani na vijiti vya gesho, ambao ni mti wa ukoo huu huu na ambao huzipa pombe hizo uchungu wake unaojulikana. Na mti huo huota pia katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Katika nyika kavu zinazotoka Sudani mpaka Namibia hupatikana mti wa Berchemia discolor, wenye matunda madogo matamu yanayokaushwa yakawekwa akiba ya siku za njaa, na ambao magome yake huwapa wasusi wa vikapu wa Botswana rangi yao ya hudhurungi. Katika misitu ya Uganda yupo jamaa aliyewaacha wenzake kwa kimo, musizi, mti mrefu, mnyofu, usio na mwiba hata mmoja na ukuao kwa kasi ya kushangaza, ambao jina lake la kitaalamu, Maesopsis eminii, limehifadhi kumbukumbu ya Emin Pasha.

Habari ya musizi yafaa kuwekwa akilini na kila mtu apendaye kupanda miti. Uliletwa katika milima ya Usambara ya Mashariki, mahali paitwapo Amani, ambapo Wadachi walianzisha chuo cha uchunguzi wa kilimo na mimea mwaka 1902, nao ukapandwa kwa nia njema ya kupata mbao kwa haraka. Hondohondo wakayapenda matunda yake, wakazichukua mbegu mpaka ndani ya msitu wa asili, na kila mahali palipokuwa pamekatwa miti mikubwa pakabaki uwazi, musizi ukatangulia kuota na kuijaza nafasi ile kabla ya miche ya wenyeji, ambayo baadhi yake haipatikani popote duniani isipokuwa katika milima ile. Mti ambao kwao Uganda ni baraka umekuwa mgeni msumbufu huko Amani. Na kosa si la mti wala si la hondohondo, ni la kupanda kwa kutazama mbao peke yake na kusahau ndege.

Sasa na turudi kwa mkunazi wenyewe, maana jina hilo moja kwetu lina ndugu watatu wakubwa nyuma yake. Wa kwanza ni mkunazi tuliouzoea pwani, Ziziphus mauritiana, wenye majani ya mviringo, ya kijani kilichoiva juu na meupe ya manyoya laini chini, yenye mishipa mitatu itokayo mahali pamoja. Wa pili ni mkunazi wa Waarabu, uitwao sidri, Ziziphus spina-christi, unaotanda kutoka Misri na Shamu mpaka Yemeni na Omani. Wa tatu ni mkunazi wa mwituni, Ziziphus mucronata, uliozagaa katika nyika za Afrika ya Mashariki na ya Kusini, wenye matunda mekundu ya hudhurungi, makavu na yasiyo na ladha nyingi, lakini wenye hadhi kubwa. Wazulu huuita umlahlankosi, na desturi yao ni kwamba mtu akifia mbali, jamaa zake huchukua tawi la mti huo, huenda nalo mpaka mahali alipofia, huiita roho yake kwa jina, kisha huirudisha nyumbani pamoja na tawi lile, wakisema nayo njiani ili isipotee.

Natua kidogo hapa, wasikilizaji, kwa kuwa jambo hili lina mazingatio. Huko KwaZulu-Natal, miongoni mwa watu ambao hawakufundishwa na Mwarabu wala hawakusoma kitabu chake, mkunazi ndio mti wa kumrudisha maiti kwao. Na katika nchi za Uislamu, mkunazi ndio mti wa kumtoharisha maiti kabla ya kwenda kwake. Imepokewa katika Hadithi zilizo sahihi kwamba binti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofariki, Mtume alimwagiza Ummu Atiyya na wanawake wenzake wamwoshe kwa maji na sidri, mara tatu au tano au zaidi kwa kadiri watakavyoona, na katika josho la mwisho watie kafuri. Vivyo hivyo aliagiza juu ya hujaji aliyeanguka kutoka juu ya ngamia wake katika uwanja wa Arafa akafa. Na si wafu peke yao, maana Qais bin Asim alipokuja kusilimu aliamrishwa aoge kwa maji na sidri, na kwa hiyo mti huo ulisimama mlangoni mwa kuingia katika dini kama usimamavyo mlangoni mwa kutoka duniani. Sababu iliyo wazi machoni ni kwamba majani yake yakipondwa na kutiwa majini hutoa povu lisafishalo, kwa kuwa yana ndani yake kitu cha asili ya sabuni. Wanawake wa Arabuni na wa pwani yetu wameyatumia karne nyingi kuoshea nywele zao. Wazee wetu, kwa kuwa sidri ya Arabuni haikuwa karibu, waliyachukua majani ya nduguye aliyepo hapa, wakayaponda na kuyachuja, na desturi hiyo ingali hai tangu Lamu mpaka Kilwa na Ngazija.

Katika Kurani Tukufu mti huu umetajwa katika hali zisizofanana, na kutofautiana kwake ni somo. Katika Sura iitwayo Saba yasimuliwa jinsi watu wa Saba, baada ya kukosa shukrani, walivyoletewa gharika ya bwawa lao, na badala ya bustani zao mbili za neema wakabakiwa na miti ya matunda machungu na mikunazi michache tu. Hapo mkunazi ni mabaki ya utajiri uliopotea, mti ubakiao wakati miti mingine imekwisha. Katika Sura ya Al-Waaqia, mkunazi umo miongoni mwa neema za watu wa Peponi, lakini ni mkunazi ulioondolewa miiba. Na katika Sura ya An-Najm limetajwa jina la Sidratul Muntaha, Mkunazi wa Mwisho, ambao kila mwaka, inaposomwa Miraji usiku wa mwezi 27 Rajabu, watoto wetu husikia kwamba ndio mpaka wa elimu ya viumbe. Mti mmoja, basi, umewekwa jangwani penye magofu, umewekwa Peponi penye starehe, na umewekwa mbinguni penye mpaka. Mimi si mfasiri wa Kurani na sijitii katika kazi ya masheikh. Lakini ni halali kwa msikilizaji yeyote kujiuliza, ikiwa mti unaopewa watu wa Peponi ni ule ule unaosimama jangwani, isipokuwa umeondolewa miiba, je, si ishara kwamba mti wa jangwani haukuwa mbaya, bali uliwangojea watu wa kuutengeneza?

Fauka ya hayo, katika mkusanyo wa Hadithi wa Abu Daud limo onyo kali juu ya mtu aukataye mkunazi. Na Abu Daud mwenyewe, alipoulizwa maana yake, alieleza kwamba aliyekusudiwa ni mtu aukataye kwa dhuluma na upuuzi mkunazi ulioko nyikani, ambao wasafiri na wanyama hupata kivuli chake, hali yeye hana haki juu yake. Sikiliza maelezo hayo kwa makini. Kosa halikuhusishwa na mali ya fulani iliyoharibiwa, maana mti ule hauna mwenyewe. Kosa ni kwamba walionyang'anywa ni wapitao na wanyama, ambao hawana wakili wa kuwasemea. Sijui kama kuna sheria ya kulinda miti, katika serikali yoyote ya sasa, iliyosimama juu ya hoja nzuri kuliko hiyo.

Wakristo nao wana sehemu yao katika ukoo huu. Jina spina-christi maana yake ni mwiba wa Kristo, na mwanachuoni wa Uswidi, Carl Linnaeus, alilitia katika vitabu vya elimu mwaka 1753 kwa kufuata mapokeo kwamba taji la miiba lililowekwa juu ya kichwa cha Yesu lilisukwa kwa matawi ya mti huo. Hata hivyo wako wasemao kwamba lilisukwa kwa mti mwingine, Paliurus, ambao nao ni wa ukoo huu huu. Na kabla ya dini hizo mbili, Mafirauni walikuwa wakiupenda, kwani Howard Carter alipolifungua kaburi la Tutankhamun mwaka 1922, miongoni mwa vyakula alivyowekewa mfalme yule kijana kwa safari yake vilikutwa vikapu vya kunazi. Wazulu, Waarabu na Wamisri wa kale: wote watatu, kila mmoja kwa njia yake, wamempa maiti wao mkunazi.

Basi heshima ya mauti mkunazi umekwisha kuipata. Na tuitazame heshima ya uhai, ambayo wengine wameutimizia na sisi tumeuchelewesha. Katika Wadi Do'an ya Hadhramaut, nchi ambayo kutoka kwake walikuja mababu wa jamaa nyingi za Lamu, Mombasa na Unguja, wafugaji wa nyuki huipeleka mizinga yao penye mabonde ya sidri majira ya maua, na asali wanayoivuna, nzito na ya rangi ya kahawia, huhesabiwa kuwa miongoni mwa asali ghali kuliko zote duniani. Mtu huinunua kwa kiasi kidogo, akaiweka kwa ajili ya mgonjwa na mgeni mheshimiwa. Huko hapana anayesema kwamba mkunazi hauna faida. Kisahani kile kidogo kilichomo ndani ya ua lisilo na uzuri kimejenga nyumba na kusomesha watoto.

Lakini waliotutangulia mbali zaidi ni Wahindi. Mkunazi ule ule wa pwani yetu, wao huuita ber, nao una nafasi katika dini na katika soko pia. Katika kisa cha Rama, bibi mmoja fukara wa mwituni, Shabari, humkaribisha bwana huyo kwa kunazi, akizionja moja moja ili asimpe iliyo chachu. Na katika uwanja wa Hekalu la Dhahabu la Masingasinga huko Amritsar ungalipo mkunazi wa kale unaoheshimiwa na mahujaji. Hawakutosheka na heshima. Kwa muda mrefu wamechagua miti yenye matunda makubwa zaidi na matamu zaidi, wakaibebesha juu ya mashina ya mikunazi ya kawaida, wakapata namna zenye majina yake sokoni, kama Gola, Seb, Kaithli na Umran, ambazo tunda lake huwa kubwa mara nyingi kuliko kunazi yetu. Katika jangwa la Rajasthan, majani ya mkunazi mdogo wa huko hukatwa, hukaushwa na kuwekwa akiba ya malisho ya mbuzi na ngamia. Na juu ya matawi ya mikunazi hufugwa wadudu watoao lakri, ile nta nyekundu ipigwayo muhuri na kung'arishia samani. Wachina nao, kwa mkunazi wao uvumiliao baridi, wamefanya vivyo hivyo kwa maelfu ya miaka, na matunda yao mekundu yaliyokaushwa huuzwa katika kila mji wa dunia wenye duka la Mchina.

Wala si Asia peke yake. Katika miaka ya karibuni, wakulima wa Niger na Mali, katika nchi ambayo mvua yake ni haba, wameletewa vikonyo vya mikunazi ya Kihindi, wakavibebesha juu ya mikunazi yao ya porini, na tunda lililopatikana likaitwa kwa Kifaransa tufaha la Sahel. Katika bonde la Zambezi huko Zimbabwe, wanakijiji huyaokota matunda ya mti huu kwa magunia, huyakausha, huyasaga unga, hupika uji, na wengine, nasema bila ya kuwasifu, huyatia katika mitambo ya pombe kali. Na Waturkana wa Kenya ya kaskazini, ambao huuita mti huu ekalale, huyala matunda yake mabichi na makavu, na mti wenyewe aghalabu huachwa usimame pale penye mto mkavu, kwa kuwa watu na mifugo yao wote wanauhitaji.

Na sisi wa pwani? Tuna mkunazi uliotupa jina la mtaa mashuhuri, Mkunazini katika Mji Mkongwe wa Unguja, mahali palipokuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Seyyid Barghash na Waingereza, na ambapo mwaka ule ule, siku ya Krismasi, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu lililosimama mpaka leo. Tuna bibi wanaouza kunazi kwa kipimo cha kikombe, mbichi au kavu, kwa watoto watokao chuoni. Tuna kuni zake, ambazo huwaka vikali, na mipini ya majembe, na matawi ya miiba ya kuzungushia zizi. Hivyo vyote ni vitu vya bure, navyo vinatendewa kama vitendewavyo vitu vya bure: watu hutwaa bila ya kurudisha, na kiwanja kikitakiwa kwa nyumba, mkunazi ndio wa kwanza kushikwa shoka, kwa hoja kwamba una miiba na ni makazi ya mashetani. Kisha siku ya msiba twaulizana ni nyumba gani iliyobaki na mkunazi, na kijana hutumwa mtaa wa tatu kuomba majani. Jambo hilo naliona ni aibu ndogo, lakini ni aibu. Maana mji uliojaa Waislamu usiokuwa na sidri ya kuwaoshea wafu wake umejisahau katika jambo jepesi kabisa.

Wako watakaosema kwamba mkunazi hauhitaji kupandwa, kwa kuwa waota wenyewe. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Mkunazi waota wenyewe pale penye nafasi, ila ule uotao wenyewe hutoa tunda dogo, chachu, lililo kokwa zaidi kuliko nyama. Na nafasi zenyewe zapungua kila mwaka. Wako pia watakaotukumbusha habari ya musizi wa Amani, na wanaweza kuongeza kwamba katika Queensland ya kaskazini, huko Australia, mkunazi huu huu wetu umeingia malishoni, ng'ombe wakasambaza kokwa zake, na wafugaji sasa wanaupiga vita kama magugu. Onyo hilo nalikubali kwa mikono miwili, na jibu lake ni kwamba sisi hatuzungumzii kuleta mgeni katika msitu ambao haukumjua. Twazungumzia mti ambao kwa karne nyingi umekuwa jirani wa nyumba zetu, na twataka uwekwe pale pale penye nyumba, uani na uwanjani, chini ya macho ya watu na kisu cha mpogoaji, mbali na misitu ya asili ya milimani na ya pwani.

Kazi yenyewe si ngumu, na aliye na subira anaiweza. Kokwa ya kunazi ikifukiwa vivi hivi hukaa majuma mengi kabla ya kuota, kwa kuwa gamba lake ni gumu. Lakini ikivunjwa kwa uangalifu, na mbegu iliyo ndani ikatolewa nzima, huota kwa siku chache. Mche upandwe mapema mahali pake pa kudumu, au katika mfuko mrefu, kwa sababu hushusha mzizi mkuu upesi, na mzizi huo ukikatika mti hudumaa. Mche ukifikia unene wa kalamu, hubebeshwa jicho la mti wenye tunda zuri, uwe wa Kihindi uliokwisha kuletwa, au mkunazi wa jirani unaojulikana mtaani kwa utamu wake, kwani kila mtaa una mmoja na kila mtoto anaujua. Matunda hutoka juu ya matawi mapya, na kwa hiyo mti hupogolewa kila mwaka baada ya mavuno, jambo linalopunguza pia ule msitu wa miiba ambao ndio lawama kubwa ya watu juu yake. Mti uliobebeshwa huanza kuzaa katika muda wa miaka michache, huvumilia kiangazi ambacho mchungwa hauwezi kukivumilia, na tunda lake lina vitamini C kwa wingi, na huiva katika majira ambayo matunda mengine ni adimu.

Wasikilizaji watukufu, wakati wangu umekaribia kwisha. Sisemi kwamba mkunazi utatutajirisha, wala simtaki mkulima ang'oe minazi yake kwa ajili yake. Nasema kwamba jamii inayoutaka mti siku ya kuwaosha wafu wake ina deni la kuutunza siku zote nyingine, na kwamba deni hilo lalipwa kwa koleo moja la udongo na kisu cha kubebeshea. Nawasihi, basi, maimamu na wasimamizi wa wakfu, walimu wakuu wa shule, na kila mwenye ua mpana: kila msikiti wenye kisima na kila shule yenye uwanja upande mkunazi mmoja uliobebeshwa, uupogoe kila mwaka, uyaache majani yake yachumwe na kila aliyefiwa bila ya kudaiwa kitu, na matunda yake yawe ya watoto.